Somo: Kuiondoa sangari kwenye bustani ya nyumbani

Sangari, nyasi sugu ambayo Waganda huiita lumbugu, haifi kwa kufyekwa wala kwa kulimwa na jembe la kawaida. Majani unayoyaona ni sehemu ndogo. Chini ya udongo kuna kamba nyembamba, ngumu, nyeupe au za rangi ya majani makavu, zimesukana na kujaa vifundo, na kila kifundo kina chipukizi linalosubiri. Jembe likikata kamba moja vipande kumi, umepanda mimea kumi. Ndiyo maana bustani inayolimwa kila mara inaweza kuwa na sangari nene kuliko ile iliyoachwa. Kazi yetu ni mbili tu: kutoa kamba nzima bila kuikatakata, kisha kuvinyima majani vipande vilivyobaki mpaka viishiwe chakula.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sangari. Ng'oa moja uichunguze. Ukoka hutambaa hata juu ya ardhi, na masuke yake yote hutoka sehemu moja kama vidole vya mkono. Ndago ina bua la pembe tatu na viazi vidogo vyeusi chini. Hiyo ina njia yake, nimeieleza kwenye maswali.

Hatua ya 2: Chagua wakati. Hapa ndipo wengi hupoteza nguvu zao. Kwenye kiangazi kikali udongo unakuwa mgumu, kamba zinakatikia ndani. Katikati ya mvua zinatoka vizuri, lakini ukizitupa pembeni zinashika tena. Wakati mzuri ni pale mvua zinapoisha: udongo bado una unyevu na jua limeanza kuwaka. Kwa sisi wa Kampala, Mukono na Masaka, hiyo ni mwanzoni mwa Juni au katikati ya Desemba. Wenzetu wa Gulu na Arua, ambao mvua zao huenda mfululizo mpaka Oktoba au Novemba, wasubiri zikome na wawe na kiangazi kirefu mbele yao. Kwa kazi hii wao wana bahati kutuzidi.

Hatua ya 3: Fukua kwa jembe uma. Jembe bapa liache ndani. Fyeka majani kwanza, umpe mbuzi, ayale. Kisha gawa bustani vipande vidogo unavyoweza kumaliza kwa asubuhi moja. Kipande kilichosafishwa kabisa kina faida kuliko shamba zima lililoguswaguswa.

Chimba mtaro upande mmoja wa kipande, kina cha sentimita 30 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya kamba iko ndani ya kina hicho, ingawa nyingine hushuka zaidi. Simama mbele ya ukuta wa mtaro, ingiza uma nyuma ya ukuta, inua bonge na uliangushe mtaroni. Bonge likipasuka, kamba zinaning'inia. Zishike kwa mkono, zivute taratibu kuelekea kwako, fuata kila moja mpaka mwisho wake. Ikigoma usiikate kwa hasira. Ongeza uma chini yake. Endelea hivyo hivyo, bonge baada ya bonge. Ni kazi ya polepole, na nawasihi msiiharakishe, maana kila kipande kinachobaki utakutana nacho tena.

Hatua ya 4: Ziue ulizotoa. Tandaza kamba juu ya bati au mwamba, jua kali lizipige, uzigeuze, mpaka zinavunjika kwa mlio ukizikunja. Zikiwa bado zinapinda, bado ziko hai. Usizitie mbichi kwenye shimo la mboji, na usizirushe ng'ambo ya uzio kwa jirani.

Hatua ya 5: Rudia mvua zikirudi. Machipukizi yatatokea, usikate tamaa. Chipukizi changa linakula akiba ya kamba. Likishakuwa na majani ya kutosha linaanza kuirudisha. Kwa hiyo ling'oe likiwa na majani mawili au matatu, na uingie bustanini kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Ukiacha mwezi mzima, umeilisha upya.

Hatua ya 6: Funika. Sangari haipendi kivuli. Panda viazi vitamu, malenge au fiwi. Mimi nachagua viazi vitamu, kwa sababu siku ya kuvuna unafukua udongo wote na kupata nafasi nyingine ya kutoa kamba. Ila palilia kabla mashina hayajafunga ardhi. Mboga za majani kama dodo na nakati zisubiri msimu unaofuata, hazina kivuli cha kutosha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sangari yangu iko katikati ya migomba. Nichimbe?*
Hapana, mama. Mizizi mingi ya mgomba iko juu juu, utaiumiza. Vuta kwa mkono udongo ukiwa na maji, weka maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa, kisha majani makavu ya migomba juu yake, unene wa kiganja kizima. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina. Migomba ikifungamana majani, kivuli kitakusaidia.

*Kwa nini tusipige dawa tu?*
Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, inashuka mpaka kwenye kamba, ikipigwa majani yakiwa mabichi, marefu kama sentimita 15, na mvua isinyeshe kwa saa kadhaa. Changanya na maji safi, kwani matope huipunguza nguvu. Subiri wiki mbili au tatu kabla ya kuchimba. Ikirukia mboga au machipukizi ya migomba, inayaua. Na mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kati ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba, wanakochezea watoto, mimi naona uma unatosha. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, usiiguse kabisa: inaunguza majani tu, kamba inabaki hai, na mtu akiinywa hakuna dawa ya kumponya.

*Chumvi je? Jirani ananiambia inamaliza.*
Inamaliza udongo pia, ndugu yangu. Usimwage.

*Yangu inatoka kwa jirani kila msimu.*
Chimba mtaro wa sentimita 30 mpakani, uuache wazi, na ukate kila kamba inayochungulia. Au zika mabati mabovu yakiwa yamesimama. Ongea naye pia. Mkifanya pande zote mbili kwa wakati mmoja, kazi inapungua sana.

*Na ndago?*
Kuivuta kunaacha kiazi chini. Chimbua kiazi chenyewe kwa uma, na utumie kivuli vilevile. Kufunika kwa kavera (plastiki) nyeusi hakufai hata kidogo, ncha za ndago zinaitoboa.

*Nimepanga nyumba hapa Bweyale, sijui nitakaa misimu mingapi. Nijisumbue?*
Safisha kipande kidogo karibu na jiko tu. Kwingine panda sukuma kwenye magunia, uyaweke juu ya mawe au matofali, yasiguse ardhi, maana kamba hupenya gunia kutoka chini. Na udongo wa kujazia uuchunguze kwanza kwa vidole.