Somo: Dungu la watoto juu ya mwembe

Aliyewahi kulinda mpunga wa babu kule Magu analijua dungu: nguzo nne, chanja juu, na mtoto amekaa na kopo bovu akilipiga ili kwelea wasitue. Ninaloeleza hapa ni ndugu yake, ila limekaa juu ya mwembe nyuma ya nyumba yetu Buhongwa na kazi yake ni michezo tu. Wenyewe ni pacha wangu wa miaka tisa, Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija. Nimelijenga mara mbili. La kwanza halikufika hata miezi minne, na sababu yake iko hatua ya nne. Ukiwa na haraka, anzia hapo.

Hatua ya 1: Mti

Mwembe mzima ni mti mzuri, mfenesi pia. Shina liwe na upana wa sentimita 30 au zaidi pale utakapofunga boriti. Mparachichi na mkrismasi achana nayo, matawi yake hukatika bila kuaga.

Sisi wa Mwanza tuna shida yetu, mawe. Mti ulioota juu ya jabali unaweza kuwa na majani ya kupendeza huku mizizi haina udongo wa kushika. Zunguka shina taratibu. Udongo ukiwa na ufa upande mmoja, au mizizi imeinuka, usijenge. Kisha gonga shina kwa nyundo. Likilia kama ngoma, ndani limeoza.

Hatua ya 2: Urefu

Sakafu yangu iko mita moja na nusu kutoka chini. Watoto walitaka juu zaidi, nikakataa. Wala usihofu kwamba mti ukikua utaondoka na dungu. Mti hurefuka nchani. Shina lenyewe hunenepa tu.

Hatua ya 3: Mbao

Kwa sakafu ya mita mbili kwa mbili nilitumia boriti mbili za inchi 2 kwa 6, mbao sita za 2 kwa 4, na za 1 kwa 6 za kutandika. Paini za kutoka Buhindi au Rubya zinatosha, mradi ziwe zimetiwa dawa na zimekauka. Mbao mbichi itajikunja ukiwa umeshamaliza kazi. Mchwa wetu mnawajua. Ila oili chafu ya kuwazuia msipake mahali watoto wanaposhika na kukalia, ni sumu kwa ngozi.

Jenga kiangazi, Juni hadi Agosti.

Hatua ya 4: Boriti

Mwembe wangu umegawanyika panda mbili juu kidogo ya kiuno. Mara ya kwanza nililaza boriti mbele na nyuma ya panda hizo, nikazigongelea misumari ya inchi 6 kila upande, nyingi, nikajisifu. Novemba, baada ya usiku wa upepo, nilikuta boriti ya mbele ina ufa wa kuingia kidole gumba, na misumari miwili imetoka nusu.

Jirani yangu ni fundi mitumbwi. Hakusema kitu, alichukua kijiti akakikata kikae sawasawa kati ya zile panda mbili, akakiachia. Tulisimama. Upepo wa mchana wa kutoka ziwani ulipovuma, kijiti kikaanguka chenyewe. Panda zilikuwa zinaachana na kurudiana, na mimi nilizifunga pamoja kama mahabusu.

Basi fanya hivi. Kila boriti ifungwe kwenye panda nene kwa skrubu moja nene ya kukazwa kwa spana, unene milimita 16 hadi 20, izame ndani ya mti inchi 5 au zaidi. Toboa kwanza kwa kekee, tundu jembamba kuliko skrubu. Hapo kaza mpaka mwisho. Kwenye panda ya pili, usitoboe boriti tundu la duara. Chonga tundu refu la kulala, kama sentimita 8, pitisha skrubu katikati yake na washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu) pana, kisha acha nafasi kidogo bila kukaza. Upepo ukija, boriti inateleza juu ya skrubu na hakuna kinachopasuka.

Na skrubu moja nene humwumiza mti kidogo kuliko misumari kumi. Mti huzungushia jeraha moja ukuta wake ukaendelea. Majeraha kumi ya karibu karibu huungana yakaoza.

Hatua ya 5: Sakafu na kingo

Laza zile 2 kwa 4 juu ya boriti, kila baada ya sentimita 40, kisha mbao za sakafu zikiachana unene wa penseli ili maji ya mvua yapite. Kuzunguka panda acha sentimita 6, mti unanenepa. Kila kona itiwe mkono wa kuegemea unaoshuka hadi kwenye shina, chini ya pale lilipogawanyika.

Kingo ziwe na kimo cha sentimita 90. Fito zake zisimame wima, mtoto asipate pa kukanyaga, na nafasi kati yake isizidi sentimita 9. Kichwa cha Shija nilikipima kabisa.

Hatua ya 6: Ngazi, chini, na majaribio

Usigongelee vipande vya mbao kwenye shina kuwa ngazi. Tengeneza ngazi ya kuegemeza, usiku inaondolewa. Chini ng'oa mawe yote, mwaga mchanga au maranda kina cha sentimita 25. Kisha pandisha viroba vinne vya mchanga, viache vilale huko. Asubuhi kagua kila skrubu ndipo uwaite watoto.

Paa langu ni turubai. Bati chini ya mwembe msimu wa embe ni kelele tupu.

Maswali ya wanachama

*Mama Ester, Igoma: Mwembe wetu umejaa majimoto. Nipulizie dawa?*
Hapana mama, majimoto wanaulinda huo mwembe dhidi ya wadudu wa embe. Kata matawi yanayogusa dungu na yenye viota karibu. Wanaopanda shinani, fagia kila asubuhi kabla ya watoto.

*Baba Juma, Kitangiri: Mimi sina mti, nina majabali tu.*
Weka nguzo nne za milingoti, kila moja isimame kwenye ndoo ya zege iliyokaa juu ya jabali lililochongwa likawa bapa. Funga mbao za msalaba pande zote nne, la sivyo litayumba.

*Mdau, Musoma: Kwa nini usizungushe waya tu, usitoboe mti?*
Chakula cha mti hushuka chini ya gamba. Shina likinenepa waya unakaba, na baada ya miaka michache mti unakauka. Tundu ni nafuu.

*Mama Neema, Nyegezi: Na radi?*
Hili ni kubwa. Ukanda wetu wa ziwa una radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kwangu ngurumo ya kwanza, hata ya mbali, wote wanashuka na kuingia ndani, na hawarudi mpaka nusu saa ipite bila ngurumo.

*Mpangaji, Mkolani: Nyumba si yangu.*
Zungumza na mwenye nyumba kabla hujanunua hata msumari. Akikataa mti utobolewe, jenga lile la nguzo. Tumia bolti na nati, siku ya kuhama unalifungua.

*Baba Juma tena: Watu wazima wanapanda?*
Mama Kulwa hupanda Jumapili na chai yake, hashuki mpaka aitwe. Mimi nina kilo 94, napanda watoto wakiwa chini.