Siku 60 za bima ya mama

Saa nane za usiku, kwenye dirisha la malipo la hospitali moja binafsi mjini Kampala, mdogo wangu alipitisha kadi ya bima ya mama chini ya kioo. Kadi ya Marekani, Mpango G, ambayo nilikuwa nikiilipia kila mwezi bila kukosa. Karani akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha, akasema wanataka kwanza shilingi milioni tano. Mama alikuwa kwenye machela hatua chache nyuma yake, mkono wa kulia umelegea, mdomo umeenda upande. Alikuwa ametolewa Arua kwa ambulensi, karibu kilomita 480, kupitia Pakwach na Karuma. Mimi nilikuwa Dallas, simu sikioni, nikiwaambia wasiwe na wasiwasi, nitarudishiwa kila senti.

Sikurudishiwa hata moja. Hospitali sina ugomvi nayo. Sisi wa Uganda tunajua dipoziti hutangulia kitanda. Kilichoniumiza kilikuwa sentensi moja kwenye mkataba wa bima, na sentensi hiyo inamhusu kila mwenye mzazi Marekani anayependa kwenda nyumbani.

Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa waliofika miaka 65, hailipi matibabu nje ya nchi hiyo, isipokuwa katika hali chache mno ambazo Uganda haimo. Ndani ya Marekani kwenyewe, Sehemu B hulipa asilimia 80 ya gharama za daktari na kukuachia 20, bila kikomo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Inauzwa na kampuni binafsi, ila mipango imepangwa kwa herufi, na Mpango G wa kampuni hii una manufaa yaleyale ya Mpango G wa kampuni ile. Kinachotofautiana ni bei. (Massachusetts, Minnesota na Wisconsin wana utaratibu wao.) Baadhi ya herufi, G na N zikiwemo, hulipa pia dharura ya nje ya nchi: asilimia 80, baada ya wewe kutoa dola 250 za mwanzo, hadi dola 50,000 kwa maisha yote ya mwenye bima. A, B, K na L hazina kitu hicho.

Hapo ndipo wakala aliponisomea, na hapo ndipo nilipoacha kusikiliza. Sentensi inayofuata inasema dharura iwe imeanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Ni safari inayohesabiwa, tangu mzazi alipoondoka Marekani. Siku ya 61 anakuwa hana bima ya ugenini, hata kama ada ya mwezi huo umeilipa asubuhi ileile.

Mama aliondoka tarehe 3 Juni 2024 kwa harusi ya mpwa wake. Tiketi ya kurudi ilikuwa tarehe 24 Julai, siku ya 52, na tungekuwa salama kabisa. Kisha mjomba akafariki. Wazee wakasema dada mtu hawezi kuondoka kabla ya arobaini, nami nikaona ni haki, nikalipa faini ya kubadilisha tiketi kwa mkono wangu. Kiharusi kilimpata tarehe 14 Agosti, siku ya 73, akiwa amekaa uani anachambua mchele wa hitima. Barua ya kampuni ilikuwa na mistari minne tu, na namba 73 ilikuwa katika mstari wa pili.

Wazee wangu wa Arua, na ndugu wa Bombo na Kisenyi, nasema kwa adabu zote. Mnapomwambia mama "kaa kidogo, haraka ya nini, si una bima ya Marekani," mnamwongezea siku ambazo hakuna anayezilipia. Ile kadi si hundi. Hata ndani ya siku 60, kwa kawaida familia hulipa kwanza, ndipo madai yapelekwe na risiti na ripoti ya daktari. Uganda haina bima ya afya ya taifa ya kuwashika mkono. Hospitali za serikali zilifuta ada mwaka 2001, lakini glavu, dripu na dawa mnajua nani hutumwa kuzinunua. Kwa hiyo arobaini ikiangukia baada ya siku ya 60, mzee asomewe dua aende, au tumnunulie bima ya safari kabla hajapanda ndege Marekani. Mkiinunua, someni inasemaje kuhusu presha na sukari alizokuwa nazo tangu zamani, na kama inalipa kumhamisha mgonjwa.

Hatua nyingine ni za kawaida. Mzazi mwenye kadi ya kijani anahitaji miaka 5 mfululizo ya ukaazi kabla ya kuomba Medicare, kama hana miaka 10 ya kazi, yake au ya mwenzi wake. Medigap inataka awe na Sehemu A (ya kulazwa hospitalini) na B zote. Dawa hazimo, hizo ni Sehemu D, na dawa iliyonunuliwa Uganda hailipiwi, kwa hiyo abebe za safari nzima. Kila jimbo lina washauri wa bure wa mpango wa SHIP, wasiouza chochote. Nendeni kwao kabla ya kwenda kwa wakala.

Ila moja nitairudia. Dirisha la kununua Medigap bila kuulizwa afya ni miezi 6, kuanzia mwezi ambao mtu ana miaka 65 na Sehemu B yake imeanza. Likifungwa, katika majimbo mengi kampuni inaweza kumkataa mwenye sukari au kumpandishia bei. Matangazo ya televisheni ya tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba hayahusu Medigap. Hayahusu! Hayo ni ya dawa na ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, na mwenye Advantage haruhusiwi kuuziwa Medigap.

Na matangazo hayo yananikera. Mama alifanya kazi miaka 12 Marekani, akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Nyumba safi, dawa kwa saa, lakini mzee anayetetemeka mkono anaachiwa bahasha nene aisome peke yake mezani. Kwetu barua ya mzee husomwa na mtoto kwa sauti, mbele ya wengine. Ningemsomea mama mkataba ule kwa sauti, angeniuliza, "Hizo siku sitini ni za nini?" Ana kawaida ya kuuliza.

Sasa anatembea kwa mkongojo. Desemba anataka kwenda kuona kaburi la kaka yake. Tiketi ni ya wiki tano, bima ya safari imeshanunuliwa, na ndani ya pasipoti nimeweka karatasi yenye tarehe ya siku ya 60 kwa wino mwekundu. Nakala nimemtumia mjomba mdogo, na amenijibu kwamba ameibandika ukutani, karibu na kalenda ya msikiti.