Namna ya kufuatilia asili ya neno la Kiswidi läsarsång

Ukitafsiri vipande vyake tu, läsarsång ni "wimbo wa wasomaji", na hapo ndipo wengi hupotea. Läsare, yaani wasomaji, lilikuwa jina la waumini wa uamsho nchini Uswidi waliokutana majumbani kusoma Biblia na vitabu vya ibada. Mikutano hiyo ilikatazwa kwa sheria ya 1726, konventikelplakatet, iliyofutwa 1858. Läsarsång ni wimbo wao wa kiroho, wa aina aliyoiimba Oscar Ahnfelt kwa gitaa, mashairi mengi yakiwa ya Lina Sandell. Bila historia hiyo, kamusi haitakufaa sana.

Likate neno kuanzia mwisho, maana katika Kiswidi kipande cha mwisho ndicho kibebacho maana kuu: sång, wimbo. Kinachobaki, läsar-, ni läsare iliyodondosha -e. Kiswidi huunga maneno mengi kwa -s-, lakini hapa s ni ya sång. Ukikata läsars + ång utaangukia ång- ya ångbåt, meli ya mvuke! Katika kyrkosång, wimbo wa kanisani, kiungo ni -o-, mabaki ya umbo la kale la kyrka.

Sasa fungua SAOB, kamusi kubwa ya Svenska Akademien (Akademia ya Uswidi), inayosomwa bure mtandaoni. Tafuta kila kipande peke yake. Asili ya neno imo kwenye mabano ya mraba: fsv. ni Kiswidi cha kale, mlt. ni Kijerumani cha Chini cha zama za kati. Maneno ambatani yamepangwa chini ya Ssgr. Mwaka wa mfano wa kwanza unaonyesha tu maandishi ya zamani yaliyopatikana. Huenda watu walilitamka neno kabla ya hapo.

Läsa kwa asili ni kukusanya, kuokota. Maana ya kusoma ilifuata. Sång ni ndugu wa sjunga, kuimba.

Tahajia husumbua kuliko yote. Å, ä na ö hufuata z. Å ilianza kuchapwa katika Agano Jipya la Kiswidi la 1526, hivyo katika maandishi ya nyuma ya hapo tafuta sang. Lovsång, wimbo wa sifa, kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1906 liliandikwa lofsång. Psalm, zaburi au wimbo wa ibada, lililotoka Kigiriki kupitia Kilatini, hutamkwa bila p, kwa hiyo jaribu na salm. Na ukiandika säng badala ya sång, utaletewa kitanda.