Penseli, selotepu na ubishi wa grafini

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinikuta barazani, Majengo, akiwa na hoja aliyoiona haina jibu. "Mjomba, nano ni nanomita 1 hadi 100. Grafini ina unene wa nanomita 0.335. Basi haimo." Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, nano ni jina la vitu vya ukubwa huo, na grafini ni tabaka moja la kaboni lenye unene wa atomu moja.

Nikamtuma alete penseli ya 6B na selotepu. Ukibishana na mtu juu ya jambo hili, anza hivyo hivyo.

Zima feni. Kausha vidole, maana jasho la Mombasa huharibu gundi hata hujaanza. Sugua penseli kwenye karatasi mpaka ing'are, bandika selotepu, bandua. Kunja gundi juu ya gundi, achanisha, rudia. Doa linazidi kupauka, kwani grafaiti, ile nyeusi ya penseli, ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama chapati zenye mafuta ndani ya hotipoti: kila moja imara, lakini zinateleza zikiachana. Doa la unene wa milimita 0.01 ni matabaka kama 30,000. Ukiligawa nusu kwa nusu mara 15, limebaki tabaka moja, yaani grafini. Mkono haugawi hivyo, na penseli imechanganywa na udongo, kwa hiyo usitarajie grafini safi barazani. Wanafizikia Andre Geim na Konstantin Novoselov waliipata kwa selotepu kule Manchester, Uingereza, wakaitangaza 2004, ila grafaiti yao haikutoka dukani kwa penseli. Nobel ya fizikia wakapewa 2010.

Sasa ile nanomita 1 ya mpwa wangu. Iliwekwa ili atomu mojamoja na molekuli ndogo zisihesabiwe nano, si kuifukuza grafini. Umoja wa Ulaya, ulipotoa maana ya nano mwaka 2011, uliitaja grafini kwa jina kuwa imo hata chini ya nanomita 1.

Tena usipime upana. Tabaka la grafini laweza kuenea kama leso. Pima unene, kisha uliza kama wembamba umeibadili tabia. Umeibadili: ncha ya penseli ni nyeusi tititi, tabaka moja hunyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga.

Akija mtu kukuuzia unga wa "grafini", muulize una matabaka mangapi. Yakipita 10, anakuuzia grafaiti.

Weusi wa vidoleni hutoka kwa sabuni. Wa kwenye kanzu yangu bado.