Kupiga picha Daraja la Tanzanite na maghorofa ya Dar baada ya machweo

Picha nyingi za daraja hili hupigwa saa tatu usiku, ndiyo maana hutoka na anga nyeusi, bahari nyeusi na taa zilizoungua (nyeupe tupu, zisizo na umbo) katikati. Picha nzuri hupatikana mapema zaidi, na huanza kupangwa siku kadhaa kabla, kwa kuangalia maji.

1. Chagua jioni. Daraja lina urefu wa mita 1,030, kutoka upande wa Aga Khan hadi Coco Beach, na limepita juu ya maji ya kina kifupi. Yakipwa, chini ya nguzo hubaki mchanga na tope, na taa hazina pa kuakisi. Siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, Dar maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, kwa hiyo jua likizama yameshaanza kutoka. Kila siku kujaa huchelewa kama dakika 50. Siku ya tatu baadaye maji hujaa karibu na saa 12:30 jioni, na hiyo ndiyo siku yako. Hakikisha kwenye jedwali la maji.

2. Simama upande wa Coco Beach, ukitazama kusini: daraja linaingia kutoka kulia, maghorofa ya Upanga na mjini yanakaa nyuma yake. Usiweke tripodi juu ya daraja lenyewe. Lori likipita sakafu hutetemeka, na picha ya sekunde 10 (kamera ikiwa wazi muda wote huo) huharibika hata kama wewe hukusikia kitu. Ufukweni, zamisha miguu ya tripodi mchangani hadi iguse pagumu, mbali na mawimbi. Wimbi likichota mchanga chini ya mguu mmoja, kamera huinama taratibu katikati ya picha. Majira ya kusi upepo hukujia usoni na chumvi yake, basi futa lenzi kila baada ya picha chache.

3. Itoe kamera mapema. Ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, kioo cha lenzi hushika ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa izoee joto. Ondoa pia filta ya UV (kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi), maana taa kali hujirudia ndani yake na kuacha vidoa vya kijani angani.

4. Seti. Modi ya mkono, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 (namba ikikua, tundu hupungua), faili za RAW (picha ghafi, kabla kamera haijaibana), joto la rangi karibu 3,800K. Zima kitulizi cha lenzi (kinachozuia mtikisiko wa mkono): juu ya tripodi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe. Zima pia upunguzaji wa chembechembe kwenye picha za muda mrefu, kwani baada ya picha ya sekunde 20 kamera hukungojesha sekunde 20 nyingine. Fokasi iweke kwa mkono, ukikuza taa ya mbali mara 10 kwenye kioo cha kamera, kisha usiiguse tena. Tumia kipima muda cha sekunde 2.

5. Piga. Juni jua huzama takriban saa 12:15, Februari karibu saa 12:50. Kazi yote iko kati ya dakika ya 15 na ya 30 baada ya hapo, anga ikiwa bluu na taa zimewaka. Huku kwetu giza halisubiri: anga hupoteza nusu ya mwanga kila dakika 3 hivi. Anza na sekunde 3, panda hadi 6, 12, 20. Usiamini kioo cha kamera, gizani hung'aa kuliko picha ilivyo, soma histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto, weupe kulia). Grafu ikigonga ukingo wa kulia, punguza muda. Vivuli vya RAW hunyanyuka baadaye, taa iliyoungua hairudi.

Mistari ya magari inahitaji sekunde 10 hadi 15. Ukitaka taa zitoe miale kama nyota, funga hadi f/13. Kupita f/16 picha nzima hupoteza ukali. Mtumbwi ukikatiza, ngoja upite, la sivyo utabaki doa refu lisilo na umbo.