Kusimamisha na Kushusha Banda la Maulidi kwenye Uwanja wa Mchanga

Mfunguo Sita uliopita, yaani mwezi wa Maulidi, vijana wa kijiji jirani, hapa pwani ya Tanga, waliniita niwasaidie kusimamisha banda la Maulidi, na kazi ilipokwisha wakaniomba niwaandikie yote tangu mwanzo. Banda lenyewe lina urefu wa mita 18 na upana wa karibu mita 11, huezekwa kwa maturubai manne ya mita 6 kwa 9, na hujengwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, wa watu wapatao 20, ambao wengi wao hawajawahi kushika kazi ya ujenzi.

Hatua ya 1: Mwelekeo

Maulidi hufuata mwezi mwandamo, na kwa hiyo hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka katika kalenda ya jua. Mwaka 2015 yaliangukia mara mbili, Januari na Desemba, kaskazi ikivuma. Mwaka 2025 yaliangukia Septemba, wakati wa kusi. Anayejenga kwa kukumbuka tu banda la utotoni mwake atashtukia upepo unamjia ubavuni. Mimi hulaza mtambaapanya, ile boriti ya kileleni mwa paa, kutoka kaskazini kwenda kusini kila mwaka, kwa kuwa kusi hutokea kusini na kusini-mashariki, na kaskazi hutokea kaskazini-mashariki, hivyo pepo zote mbili hukutana zaidi na ncha nyembamba ya banda kuliko ubavu wake mpana. Tena kwetu kibla kiko karibu kaskazini kabisa, na watu hupanga safu za Isha bila kuhamisha mikeka.

Hatua ya 2: Nguzo

Simamisha nguzo tatu za kati zenye mita 5, kisha nguzo tano za mita 3 kila upande, zote zikiingia ardhini sentimita 70. Fungeni kila kiungo kwa kamba ya katani, wala msipige hata msumari mmoja, kwa sababu boriti hizi huazimwa kwa watu wanaokusanya vifaa vya kujengea nyumba zao, nao wana haki ya kurudishiwa boriti nzima isiyo na tundu.

Hatua ya 3: Kuzika magogo ya kushikilia kamba

Kazi yote iko hapa. Katika Maulidi ya Desemba 2015 tulizifunga kamba kwenye vigingi vya nondo vya nusu mita, tulivyovipigilia mchangani kwa nyundo, na mchana vilionekana imara. Baada ya Isha kaskazi ikazidi. Nilipomulika kigingi cha pembe ya kaskazini-mashariki kwa tochi, niliona mchanga ulioizunguka nondo umefunguka na kufanya tundu refu, na kila turubai lilipojaa upepo, nondo ilipanda kwa upana wa ukucha. Tulizishika kamba kwa mikono hadi alfajiri, watu wanne kila pembe, huku kasida zikiendelea ndani na wanawake na watoto wamekaa chini ya boriti zile. Tangu usiku ule sipigi kigingi mchangani.

Upepo wa kilomita 54 kwa saa ukilikabili turubai moja kwa moja, huisukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 14, yaani zaidi ya kilo 700 kwa turubai moja la kwetu. Na kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne.

Kwa kila kamba, na ziko 14 (kumi za ubavuni na nne za nchani), chimba shimo la kina cha mita 1, likiwa limekingama na mvuto wa kamba. Umbali wa shimo kutoka kwenye nguzo usipungue kimo cha nguzo juu ya ardhi, kwani kamba iliyosimama sana hulivuta gogo kwenda juu. Laza humo kipande cha mnazi chenye sentimita 80, unene wa paja, kilichofungwa kamba katikati. Kisha chonga mfereji mwembamba unaopanda kwa mshazari kuelekea kwenye nguzo, kamba ipite humo ikiwa imenyooka. Ikipinda kwenye ukingo wa shimo, itaukata mchanga na kulegea usiku. Rudisha mchanga kidogo kidogo, sentimita 20 kila mara, umwagie maji na kuukanyaga, maana mchanga mkavu uliomwagwa kwa mkupuo haushiki kitu.

Kuna tahadhari ambayo wageni wa pwani hawaijui. Tarehe 12 ya mwezi mwandamo, siku ya Maulidi, bamvu la mwezi mpevu, yaani maji makuu ya bahari, liko karibu, na kwenye uwanja ulio jirani na bahari maji huweza kutokea shimoni kabla hujafika mita moja. Chimba shimo la kujaribia maji yakiwa yamejaa, si yakiwa yamekupwa. Ukiyakuta, sogea mbali na ufuko. Kama haiwezekani, laza magogo mawili sambamba na uyawekee viroba vya mchanga juu.

Kamba inayozikwa iwe ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kwa kuwa hustahimili maji ya chumvi. Inayoendelea juu iwe ya katani, ambayo fundo lake halitelezi. Kamba ya plastiki ya buluu siikubali kabisa: huachia mafundo, na jua huila ndani kwa ndani. Katani hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuzikagua kamba zote 14 baada ya kila swala.

Hatua ya 4: Maturubai

Anza kufunga ukingo unaokabili upepo.

Hatua ya 5: Kushusha

Msishushe usiku ule ule, watu wakiwa wamechoka kwa mkesha. Ngojeni alfajiri ya pili, upepo wa umande ukiwa mpole, na msiguse kamba yoyote ya gogo hadi maturubai yote yashuke. Fungueni kwanza ukingo ulio mbali na upepo, kisha mlikunje turubai kuelekea upepo unakotoka. Magogo yafukuliwe kwa jembe, yasivutwe kwa nguvu za watu, kwa sababu kamba ikikatika huwaangusha wote kwa pamoja. Mashimo yajazwe siku hiyo hiyo kabla watoto hawajarudi uwanjani kucheza, na kamba zitundikwe kivulini zikauke kabla ya kuhesabiwa.