Jinsi ya Kupima Maji ya Kisima Arusha na Moshi Kabla ya Kuyanywa

Mtu anayechimba kisima Usa River, Tengeru au Kisongo huuliza kwanza kama maji yamepatikana na kama ni mengi. Swali la iwapo yanafaa kunywewa huja baadaye, pampu ikiwa imekwisha kufungwa na familia imekwisha kuyazoea. Ninashauri utaratibu huo ugeuzwe, kwa sababu katika maeneo yanayouzunguka Mlima Meru kasoro kubwa kuliko zote ya maji ya chini ya ardhi haina rangi, harufu wala ladha.

Kasoro hiyo ni floraidi. Maji yanapopita polepole katika miamba na majivu ya volkano huyeyusha madini hayo na kupanda nayo hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Yanapozidi, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya fizi, yaani takriban hadi umri wa miaka minane, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia, kama yanavyoonekana kwa watu wengi waliokulia Maji ya Chai na Ngarenanyuki. Mabaka hayo si uchafu wala hayatoki kwa mswaki, na ni dhuluma kumwaibisha mtoto kwa ajili yake. Kiasi kikiwa kikubwa zaidi na kikanywewa miaka mingi, madhara hufika kwenye mifupa na viungo.

Kabla ya kwenda maabara, anza kwa kuchunguza eneo lenyewe. Angalia meno ya vijana waliozaliwa na kukulia hapo hapo wakitumia kisima cha jirani, wala usihesabu waliohamia wakiwa wakubwa. Angalia pia namna maji yanavyopokea sabuni. Watu wengi husifu maji laini yanayotoa povu haraka, lakini katika ukanda huu ulaini huo ni sababu ya kuwa na shaka: kalsiamu ndiyo inayoyafanya maji kuwa magumu, na ndiyo pia inayoikamata floraidi na kuizuia isibaki kwa wingi majini, hivyo maji yenye kalsiamu kidogo na magadi mengi mara nyingi ndiyo yenye floraidi nyingi. Hata hivyo dalili hizi si kipimo. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo majibu ya jirani yasichukuliwe kuwa majibu yako.

Chunguza vilevile vyoo, mazizi na mashamba yanayotiwa mbolea. Kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono kinapaswa kuwa umbali usiopungua mita 30 kutoka chooni, tena upande wa juu wa mteremko, kiwe na mfuniko na sakafu ya zege isiyo na nyufa. Mahali ambapo maji ya mvua hutuama pembeni ya kisima, vijidudu vya kinyesi vitaingia mapema au baadaye, hata kama maji yanang'aa.

Uchukuaji wa sampuli ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Washa pampu na uyaache maji yatoke mpaka yaliyolala ndani ya bomba yaishe na joto lake litulie. Chukua sampuli kwenye bomba lililo karibu kabisa na kisima, si kwenye tenki. Kwa floraidi na madini mengine tumia chupa safi ya plastiki, uisuuze mara tatu kwa maji hayo hayo, kisha uijaze. Kwa vijidudu, utaratibu ni mwingine kabisa: omba maabara wakupe chupa iliyotakaswa, na usiisuuze. Vua mpira uliofungwa kwenye bomba, pangusa mdomo wa bomba kwa spiriti, uuchome kwa moto kama ni wa chuma, acha maji yatiririke dakika moja au mbili, kisha fungua chupa bila kugusa ndani ya mfuniko wala shingo yake. Acha nafasi ndogo ya hewa, funga, na iweke kwenye kasha lenye barafu. Sampuli hiyo ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, na isipite saa 24. Kama kisima kimetiwa klorini, waambie mapema, kwa kuwa chupa huhitaji kemikali ya kuizima klorini hiyo.

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na kwa suala la floraidi ina kituo cha utafiti Ngurdoto, wilayani Meru. Omba wapime floraidi, E. coli (bakteria wa kinyesi), naitreti (chumvi itokayo kwenye mbolea na vinyesi), pH (kiwango cha uchachu), chumvichumvi, chuma na tope. Kama floraidi inapimwa kwa njia ya rangi, yaani kwa dawa inayobadilika rangi ndani ya maji, uliza kama sampuli ilizimuliwa kwa maji yasiyo na floraidi, kwa sababu vifaa vingi vya aina hiyo huishia miligramu 2 kwa lita na maji ya huku yanaweza kupita hapo kwa mbali. Elektrodi ya floraidi, yaani kifaa cha umeme kinachochovywa majini kuipima, haina tatizo hilo. Usikubali kuuziwa chujio kwa ushahidi wa kile kijikalamu kinachochovywa kwenye glasi: kinaonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka tu, hakiijui floraidi wala bakteria.

Majibu yakija, E. coli iwe sifuri katika mililita 100. Naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, lakini soma kipimo kwa makini, maana baadhi ya maabara huandika kiasi cha naitrojeni peke yake, na hapo kikomo ni kama 11. Naitreti ikizidi, maji hayo yasitumike kumchanganyia maziwa mtoto mchanga. Pima tena mvua za masika zinapokolea na tena wakati wa kiangazi, kwa sababu vijidudu hupanda na mvua.

Kila kasoro ina dawa yake, na kuzichanganya ni hatari. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi wala naitreti. Maji yakichemka muda mrefu na kupungua, madini hayo hukolea zaidi. Klorini nayo ni ya vijidudu tu. Kwa floraidi, njia inayojulikana sana hapa kwetu ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo hufaa kwa maji ya kunywa na kupikia, kwani ya kufulia hayahitaji gharama hiyo. Magadi ya kulainishia maharage au makande nayo yanaweza kuwa na floraidi, hivyo familia yenye watoto wadogo iyaache. Mkaa wa mifupa huchoka baada ya kunasa madini ya kutosha, na maji yanayotoka huendelea kuonekana vilevile. Kwa hiyo pima maji yaliyochujwa, si ya kisima peke yake, na ubadilishe mkaa floraidi inapokaribia miligramu 1.5, kabla haijapita hapo.